Insha Mbili Juu ya Bahari

Kuhakiki maandishi ya mtu si kumvizia kama mwindaji amviziavyo mnyama. Ni kazi ya kupima, na kipimo chema humfaa apimaye na apimiwaye. Wasomaji wa Kitale na Bungoma wameiona kazi hii katika maghala ya mahindi. Mpimaji hulifungua gunia, hutia mkono ndani, hutazama kama punje zimekauka, huondoa mchanga na makapi, ndipo hulipandisha gunia katika mizani. Asiyeondoa mchanga humdhulumu mnunuzi; na amwagaye mahindi pamoja na mchanga humdhulumu mkulima. Nakuomba, msomaji, ulikumbuke ghala hilo tunaposoma pamoja insha mbili za vijana wa rika lako.

Muhula mmoja uliopita walimu wanafunzi wa chuo ninachofundisha walikwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, baadhi yao katika shule za Kitale, na baadhi katika shule za Bungoma. Walikubaliana kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu swali moja la insha: Je, yafaa Kenya itafute na kuchimba mafuta na gesi chini ya bahari yake, ilhali pwani ina mikoko, matumbawe, samaki, na watu wanaoishi kwa vitu hivyo? Waliporudi chuoni waliniletea mafurushi ya karatasi. Nilizisoma zote, nikachagua mbili, moja ya Kitale na moja ya Bungoma. Sikuzichagua kwa kuwa ni mbaya. Nilizichagua kwa kuwa ni njema kuliko nyingi, na makosa yaliyomo ndani yake ndiyo yaliyomo katika hotuba za watu wazima wenye vyeo. Wenyewe wamenipa ruhusa ya kuzitumia, na majina yao nimeyaficha.

Huenda ukauliza: vijana wa nchi ya mahindi na miwa wana shauri gani na bahari? Kutoka Kitale mpaka Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na wengi wa walioandika hawajapata kuonja maji ya chumvi. Lakini mali iliyo chini ya bahari ya Kenya ni mali ya umma, na mwenye sehemu katika mali ana sehemu katika lawama yake pia. Tena mafuta yamekwisha kupita mlangoni petu. Mwezi Machi 2012 iliarifiwa kwamba mafuta yamegunduliwa nchi kavu huko Turkana, katika kisima kilichopewa jina la Ngamia. Mwezi Juni 2018 malori yalianza kuyachukua mafuta ghafi kutoka Lokichar, yakapita Kitale na Eldoret, yakateremka mpaka Mombasa. Na mwezi Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ilisafirishwa kwa meli. Kijana wa Kitale aliyesimama kando ya barabara siku zile alikuwa akiitazama njia inayounganisha jangwa na bahari. Basi swali hili si la watu wa pwani peke yao.

Tuanze na insha ya Kitale. Imejengwa kama nyumba ya matofali: kila hoja imekaa juu ya nyingine, na hapana sentensi inayoning'inia. Mwandishi asema kwamba Kenya hutumia fedha nyingi kununua mafuta nje. Kwamba trekta lisilo na dizeli halilimi, na mahindi yasiyopata lori huozea shambani. Kwamba bahari ya Kenya imejaa mafuta. Kwamba yakichimbwa bei ya petroli itashuka, vijana watapata kazi, na umaskini utakwisha. Hoja mbili za kwanza ni punje kavu. Amezitoa katika maisha ya kwao, naye anazijua. Aliyeona msimu wa kulima ukimpita jirani kwa kukosa fedha ya dizeli hahitaji kitabu kumwambia kwamba nishati ni chakula.

Mchanga waanza katika hoja ya tatu. Kusema kwamba bahari yetu imejaa mafuta ni kugawa nyama kabla ya kwenda mawindoni. Visima kadhaa vimechimbwa katika kina cha bahari mbele ya pwani ya Kenya. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa kilionyesha gesi, lakini si ya kutosha kuleta faida. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird kilionyesha mafuta na gesi, nacho hakikufika daraja ya kuzalisha. Mwaka 2022 kisima cha Mlima, kilichochimbwa na kampuni ya Eni ya Italia, hakikutoa mafuta ya kuuza. Huenda mafuta yapo mahali pasipofikiwa bado, huenda hayapo. Mwandishi ana haki ya kutumaini, lakini hana haki ya kuandika tumaini lake kama habari. Lau angeandika "ikiwa yatapatikana", neno hilo moja lingaliiponya kurasa nzima.

Hoja ya nne yapendeza zaidi, na kwa hiyo ni hatari zaidi. Kiwanda cha Changamwe huko Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Nchi yenye mafuta ghafi bila kiwanda cha kuyasafisha huyauza ng'ambo, kisha hununua petroli kutoka ng'ambo kwa bei ya soko la dunia. Ndivyo yalivyokwenda yale mapipa ya Turkana: yalipita karibu na matrekta ya Kitale, lakini hayakuingia katika trekta hata moja. Faida, ikija, haiji kwa njia ya pampu ya petroli. Huja kwa njia ya mapato ya serikali. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 yasema kwamba katika sehemu ya serikali, asilimia 20 itaendea kaunti na asilimia 5 itaendea jamii ya mahali mafuta yanapotoka. Kazi nazo zipo, ila katika kisima cha baharini ni chache na huhitaji ujuzi mkubwa. Nyingi huja na ujenzi na huondoka nao. Mwandishi angeyajua haya, asingalilazimika kuiacha hoja yake. Angaliiweka mahali pake pa haki, na msomaji angalimwamini zaidi.

Juu ya hatari, insha hii yenye kurasa tatu ina sentensi moja tu: "Serikali itahakikisha kwamba hakuna madhara." Tazama, msomaji, jinsi kitendo hiki cha kuhakikisha kilivyo kivivu. Hakisemi ni nani atakayehakikisha, kwa chombo gani, wala kwa fedha ya nani. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimbia mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Watu 11 walikufa, na mafuta yakatoka chini ya bahari kwa siku 87 kabla kisima hakijazibwa. Hiyo ni bahari ya Marekani, nchi yenye fedha, meli na wataalamu kuliko sisi. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika Mombasa, yakaua mikoko katika mkono wa bahari wa Makupa. Mwaka 2005 meli iitwayo Ratna Shalini ilimwaga mafuta ghafi katika bandari hiyohiyo. Katika ajali hizo mbili mafuta hayakutoka katika kisima chetu cha baharini, kwa maana hatuna. Yalitoka katika kazi ya kila siku ya bandari. Mwenye kutaka kuongeza kazi hiyo yampasa kwanza aeleze namna alivyojifunza kutokana na ile ya zamani.

Sasa tuifungue insha ya Bungoma. Mwandishi wake ana sikio la lugha. Aifananisha bahari na mama mwenye watoto wengi asiyemnyima hata mmoja, na mikoko na ukuti wa ua unaowalinda watoto hao. Si mapambo matupu, bali ni elimu iliyovaa nguo nzuri. Samaki wengi, kaa na kamba huanza maisha yao kati ya mizizi ya mikoko, nayo mizizi hiyo huzuia mawimbi yasiile nchi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Tena mafuta mazito yakiingia katika tope la mikoko huweza kukaa humo miaka mingi, kwa kuwa tope hilo halina hewa ya kuyaozesha. Aliposema kwamba jeraha la namna hii haliponi upesi, alisema kweli, na nilimpa alama zake zote.

Lakini naye ana mchanga wake. Aandika kwamba "kila kisima huua bahari". Neno "kila" ni zito kulibeba, maana mfano mmoja tu hutosha kuliangusha. Katika Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa nchini Tanzania, gesi iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imesafirishwa kwa bomba kuendesha mitambo ya umeme ya Dar es Salaam. Huko Mnazi Bay, karibu na Mtwara, gesi iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2000 eneo hilohilo likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari, na baadaye gesi ikaanza kutolewa ndani ya mipaka ya hifadhi. Sisemi kwamba pande hizo hazikupata madhara yoyote. Nasema kwamba bahari haikufa, na mwandishi aliyesema "kila" ameshindwa na ramani ya jirani.

Kosa hili lina mzizi ambao insha zote mbili zimeukanyaga. Zinataja mafuta na gesi kama kitu kimoja. Gesi ikivuja hupanda hewani, na hatari yake kubwa ni moto na joto la dunia. Mafuta ghafi yakivuja huelea, husukumwa na upepo, hushika manyoya ya ndege na mizizi ya mikoko. Mtu asiyetofautisha vitu viwili hawezi kuvipima, sawa na mpimaji asiyetofautisha maharagwe na mahindi.

Kosa la pili la mwandishi wa Bungoma ni la moyo, wala si la akili. Amejitoa katika habari anayoieleza. Asoma shule katika nchi ya miwa na mahindi, na mashamba hayo hula mbolea. Na mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, katika viwanda vingi vya dunia, hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ya bahari ya watu wengine iko katika shamba la babaye. Kumwambia mvuvi wa Lamu au mkazi wa Kilwa kwamba bahari yake isiguswe, huku tukinunua kwa furaha kilichotolewa katika bahari za wengine, ni kusema nusu ya neno. Aliyenunua ni mshirika katika shauri, na mshirika hasemi kama hakimu.

La tatu ni hili: katika kurasa zake zote hapana mvuvi hata mmoja. Kuna mawimbi, kuna kasa, kuna machweo, lakini hapana mtu aliyeamka alfajiri kutega madema. Bahari yake ni picha ya ukutani. Picha haiwezi kudai fidia, wala haiulizwi maoni. Ajabu ni kwamba kwa kuwasahau watu ameiacha hata hoja yake iliyo na nguvu kuliko zote. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa, hata yale yaliyokuwamo ndani ya hifadhi zetu za bahari. Hapakumwagika tone la mafuta. Na joto la dunia huzidishwa na mafuta yanayoungua salama katika magari na mitambo, bila ajali yoyote. Yaani mafuta yaweza kuidhuru bahari hata yasipomwagika. Hoja hiyo ingaliitikisa insha ya Kitale mpaka msingi, lakini haikuandikwa.

Basi insha hizi zatofautiana katika kila jambo, ila katika jambo moja zimefanana kama mapacha. Zote mbili zimemalizika kwa sentensi iliyo karibu sawa: "Kwa hiyo yafaa kuwe na usawa baina ya maendeleo na mazingira." Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Mmoja ametaka kila kitu kichimbwe, na mwingine ametaka kisichimbwe kitu, kisha wote wawili wamekimbilia kivuli cha mti mmoja. Sentensi inayoweza kumaliza insha mbili zinazopingana haikumaliza hata moja. Ni kama kufuli linalofunguliwa na kila ufunguo: laonekana mlangoni, lakini halilindi kitu.

Sisemi kwamba usawa ni neno baya. Nasema kwamba usawa ni jina la mizani, na mizani haipimi mpaka mambo matatu yajulikane: kilichomo katika kila sahani, kama kilichopotea chaweza kurudi, na ni nani aliyeishika.

La kwanza tumekwisha kuliona. Mafuta ambayo hayajapatikana hayana uzito wa mafuta yaliyomo katika mapipa. Na hofu ya ajali haina uzito wa ajali yenyewe, ingawa ina uzito wake. Mwandishi mwaminifu huandika kila kitu kwa uzito anaoujua, wala haongezi jiwe chini ya sahani aipendayo. Waswahili husema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nasi waandishi sote ni wawambaji, tusipojichunga.

La pili ni tofauti ya hasara inayorudi na hasara isiyorudi. Fedha iliyokosekana mwaka huu yaweza kupatikana mwaka ujao. Gesi isiyochimbwa leo haiozi. Imekaa chini ya mwamba mamilioni ya miaka na yaweza kungoja. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, seuze mafuta. Haifuati kwamba kungoja hakuna gharama. Wasomaji wa Bungoma wanajua habari ya kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichofungwa mwaka 2009. Kilipokuwa kikifanya kazi wakazi walilalamikia harufu na uchafu. Kilipofungwa walilalamikia ukosefu wa kazi na maduka yaliyofungwa. Malalamiko yote mawili yalikuwa ya kweli, na atakayelicheka moja hajawahi kuishi karibu nalo. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kwamba kazi si kitu mbele ya mazingira, wala na anayesema kwamba mazingira si kitu mbele ya kazi. Nasema tu kwamba hasara hizi mbili hazifanani umri, na mwandishi yampasa aziandike na umri wake.

La tatu ndilo kubwa. Aliyeishika mizani ni nani? Tazama Lamu. Bandari mpya ilianza kujengwa huko katika mpango mkubwa wa serikali, ambao pia ulikusudia kuyaleta mafuta ya Turkana mpaka baharini kwa bomba. Bahari ilichimbuliwa ili meli kubwa zipite, na mahali pa kuvulia pakaharibika. Wavuvi walikwenda mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwamo haki ya mazingira safi na haki ya kupata habari, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 2019, baraza la taifa linalosikiliza rufani za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika mashauri haya mawili kosa lililoonekana wazi halikuwa kupenda maendeleo. Lilikuwa kupima bila kumwita atakayebeba mzigo.

Mambo haya hayako Kenya peke yake. Mwaka 2013 palitokea ghasia Mtwara, na watu wakapoteza maisha, kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Wengi wa waliolalamika hawakusema kwamba gesi isichimbwe. Walisema kwamba inapita kwao kama mgeni asiyebisha hodi. Katiba yetu ya mwaka 2010 imelijua jambo hili: kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, kwa manufaa ya walio hai na ya vizazi vijavyo, na kifungu cha 69 chaiagiza serikali igawe faida za maliasili kwa haki na kuwahimiza wananchi washiriki. Lakini sheria ni kama jembe. Huwa kazi pale tu mtu anapolishika. Tena imebaki fundo moja lisilofunguka kwa urahisi. Sheria ya petroli yataja jamii ya mahali mafuta yanapotoka. Katika kina cha bahari hapana kijiji. Je, jamii hiyo ni nani? Ni mvuvi aliye karibu na kisima, au ni yule ambaye mkondo wa maji utamletea mafuta siku ya ajali? Hili ndilo swali ambalo insha njema ingelichukua, na ambalo hakuna hata moja kati ya hizi mbili lililoligusa.

Msomaji aweza kusema, mwalimu, umewapima wenzetu, nawe wasemaje? Swali hilo ni la haki. Mimi naona kwamba pako mahali pa kuacha kabisa: penye mikoko, penye matumbawe na penye mazalio ya samaki, kwa kuwa hasara ya hapo hupita umri wa faida yake. Mahali pengine, ikiwa mafuta au gesi itapatikana, naona serikali isiruhusu kisima kabla ya mambo matatu kuwa tayari: vyombo vya kuzuia mafuta yaliyomwagika viwe pwani, si katika karatasi; fedha ya fidia iwe imewekwa akiba kabla ya ajali, si baada ya kesi; na mvuvi awe amesoma habari zote kwa lugha anayoifahamu. Nikiambiwa kwamba masharti haya yatawafukuza wachimbaji, nitajibu kwamba mchimbaji anayefukuzwa na gharama ya kujilinda ametuambia mwenyewe ukubwa wa hatari yake. Huu ni uamuzi wangu, nawe una ruhusa ya kuupinga, ila upinge kwa uzito, wala si kwa kelele.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nizipende insha hizi. Kila moja ina sentensi ya kweli iliyojificha. Katika insha ya Kitale imo ukurasa wa mwisho, kana kwamba mwandishi aliionea haya. Aeleza kwamba babake ni dereva wa lori katika njia ya Lodwar. Kazi ilipokuwa nyingi walilipa karo kwa wakati, na ilipopungua alirudishwa nyumbani wiki mbili. Katika insha ya Bungoma imo katikati ya sifa za bahari. Mwandishi aeleza kwamba nyanyake huchota maji ya mto Nzoia wakati wa mvua, huyaacha mtungini usiku kucha ili tope litue, ndipo hupika.

Zisome sentensi hizi pamoja. Mto Nzoia hukusanya maji yake katika milima ya Cherangani na Elgon, hupita katika mashamba ya Trans Nzoia, hushuka Bungoma, kisha huenda Ziwa Victoria. Tope lililotua katika mtungi wa bibi yule huenda lilikuwa udongo wa shamba la Kitale, lililolimwa na trekta lenye kiu ya dizeli. Kijana wa Kitale hakumkusudia bibi huyo ubaya wowote. Hakujua tu kwamba yupo. Nasi sote tulio bara twakaa juu ya mto, na mvuvi wa Lamu amekaa chini yake, ijapokuwa hapana mto wa maji unaotufikisha kwake. Kinachotufikisha ni lori, bomba, mbolea na kura.

Niliwarudishia vijana wale karatasi zao kwa alama zilizo sawa, nikawaomba waandike tena. Niliwapa sharti moja tu: insha ianze na sentensi ile waliyoificha, na isimalizike kwa neno usawa. Kijana wa Kitale aliniuliza, "Mwalimu, sasa nitamalizaje?" Nilimjibu amalizie kwa jina la mtu atakayelipa, na kiasi atakacholipa. Akafikiri kitambo, akasema kwamba insha ya namna hiyo ni ngumu kuandika kuliko ile ya kwanza. Nilimwambia kwamba ni kweli, nikamwongezea siku tatu.